Mwizi wa Oili ya Bi Mkubwa

Wallahi, na anayedhani ninatia chumvi aende Likoni akaulize: mambo haya ni kweli tupu, tangu tone la kwanza la oili hadi la mwisho.

Mzee Aqil, mstaafu wa bandari ya Kipevu, alikuwa na pikipiki ya Kiingereza aliyorithi kwa babake, akaiita Bi Mkubwa. Haikuwa kama hizi za bodaboda ambazo oili yake hukaa tumboni mwa injini. Bi Mkubwa alikuwa na tangi la oili chini ya kiti; injini ikizunguka, pampu huishusha oili, kisha huirudisha juu tangini. Hayo Aqil alijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga, na nati zilizobaki nje alisema hazikuwa na kazi.

Siku za karibuni goti lilimsumbua, Bi Mkubwa akawa anashinda uani bila kuwashwa. Ndipo Aqil alipofungua kifuniko akakuta tangi karibu tupu. Akajaza. Wiki iliyofuata, tupu tena. Chini sakafu kavu, hata doa hakuna.

Oili haioti mbawa, akajiambia, na macho yakaenda mlango wa pili.

Mlango huo ulikuwa wa Kioko, Mkamba aliyetengeneza bodaboda pale nje barabarani. Shaka ikishapewa kiti haiondoki. Kioko akisema "Shikamoo, mzee," Aqil aliisikia ile shikamoo imeteleza kupita kiasi. Akipiga mluzi, ulikuwa mluzi wa mtu aliyeshiba cha mwenziwe. Hata dumu lake la oili Aqil alilinusa, akaapa moyoni kwamba harufu ni ya Bi Mkubwa.

Akatega. Alinyunyiza unga wa ngano juu ya kifuniko cha tangi. Siku chache baadaye unga ulikuwa vile vile, haukuguswa, na oili imeshuka. Mwingine angeduwaa akaacha. Aqil aliona sasa amepata mwizi bingwa.

Akaenda barazani, penye kahawa, akayamwaga. Jina hakutaja, alisema tu "jirani wa kuja, mwenye spana," na waliosikia hawakuhitaji kupiga ramli. Akaongeza kwamba atasomesha halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwizi, hadi tumbo limvimbe mbele ya watu. Basi wenye bodaboda wakaanza kumpita Kioko na kupeleka pikipiki zao kwingine. Kioko akawa anashinda amekalia tairi, na mikono yake ikawa safi kama ya karani.

Mwalimu Khamis wa madrasa, alipoombwa kusoma, aliuliza kwanza.

"Una yakini? Kisomo kikimkosa mwizi humrudia aliyekisomesha."

Aqil akasema anayo. Akaambiwa arudi kesho yake baada ya alasiri.

Kesho yake akavaa kanzu nyeupe ya kwendea kwa mwalimu, akajaza tangi, akapiga kiki. Kiki ilikuwa nzito kana kwamba anakanyaga uji. Alipong'ang'ana, Bi Mkubwa akanguruma, akatoa wingu la moshi lililofunika kamba ya nguo, na oili ikamrukia Aqil hadi magotini. Akazima upesi. Akalegeza nati ya chini ya injini, akatega beseni. Oili ikatoka, ikatoka, beseni likafurika. Pampu ilikuwa imechakaa: Bi Mkubwa akisimama siku nyingi, oili huteremka yenyewe kutoka tangini, polepole, ikajaa ndani ya injini. Tumbo lililovimba lilikuwa la Bi Mkubwa.

Muungwana angekwenda kubisha mlango wa Kioko. Aqil alificha beseni nyuma ya pipa la maji, akabadili kanzu, akaenda barazani na habari njema: mwizi ametubu kwa kuiogopa halbadiri, amerudisha oili yote kwa siri, naye Aqil amemsamehe. Wazee wakamsifu kwa moyo wake. Kioko, aliyekuwa akipita na mkate wake, akasimama kusikia kwamba amesamehewa.

Kabla hajafungua kinywa akatokea Nadira, mke wa Aqil, na kanzu mkononi.

"Baba Barke, hii nimeifua mara mbili haitakati. Na beseni langu nimelikuta nyuma ya pipa, limejaa. Huyo mwizi aliyetubu, alirudisha oili akiwa amevaa kanzu yako?"

Aqil akatafuta uongo, asiupate. Akaeleza pampu, akaeleza tumbo, sauti ikizidi kushuka.

Mwalimu Khamis, naye akiwa pale barazani, akamwuliza Kioko anataka alipwe nini.

"Pesa sitaki, mwalimu. Atanisafisha jina hapa, halafu twende naye kila kituo cha bodaboda. Aseme kwa jina lake. Na asiongeze kitu."

Wakaanzia kituo cha karibu na feri. Vijana walizima injini wasikilize. Aqil alianza vizuri: tangi, pampu, beseni. Alipofika kwenye moshi, macho yakamng'aa.

"Moshi ule, wanangu, ukavuka nyumba, ukashuka majini, feri ikapiga honi..."

"Mzee," akasema Kioko.

Aqil akajirekebisha.

"Haukufika majini. Uliishia kwenye kamba ya nguo."

Akaanza upya.