Nyumba Yenye Magurudumu Manne

"Ukitoa hii mipira, mama Virginie, siku banakuya tutakimbia na nini?"

"Na miguu," nilimjibu mume wangu. "Bantu yetu yote ya kule Katuba balikimbia na miguu. Hakuna mwenye alivuta nyumba."

Antoine alikuwa ameketi juu ya gurudumu la mbele, mikono kifuani, kama askari mbele ya benki. Mulenga, fundi wa umeme, alisimama kando na bunda la waya begani. Tulikuwa tunagombana tangu chai ya asubuhi.

Nyumba yetu ni roloti, chumba cha bati ambacho mzungu mmoja mkandarasi alikivuta nyuma ya lori alipotengeneza barabara ya Kasomeno. Alipokimbia mwaka 1960 alimwachia funguo Antoine, karani wake. Tangu siku hiyo Antoine hupaka magurudumu grisi kila Jumamosi na kupima upepo. Mizigo imefungwa chini ya kitanda. Kila familia ya watu wetu wa Kasai inayofukuzwa na kuhamia kambi ya wakimbizi, yeye huongeza upepo kidogo.

Mimi nilisoma kwa masista, nina diploma ya ushonaji, na cherehani yangu ya mota haijazunguka miaka miwili. Wasichana wanane wanaanza masomo Jumatatu. Bila umeme hakuna shule, na bila shule nitaketi juu ya mizigo nikingoja kufukuzwa. Kungoja sikujui.

"Mama, mi sina ubaya na weye," alisema Mulenga. "Lakini karatasi ya kazi inasema umeme inaingia mu nyumba yenye kusimama mu udongo. Yenye mipira iko motokari. Nikifunga waya, siku moja mutavuta, na poto, hii nguzo ya umeme, itabafwata nyuma kama imbwa."

"Nikitoa mipira, utafunga leo?"

"Leo. Ila saa sita chef wangu wa kazi anabeba hii waya, anapeleka Kipushi."

Ilikuwa saa nne na nusu.

Antoine alipandisha sauti. "Haubajue bantu ba huku? Baliandika na chaki ku mulango: Rudini Kasai!"

"Nilifuta."

"Bataandika tena."

"Sabuni ingali iko."

"Shiye hatuko ba huku, mama Virginie."

"Weye ulizaliwa wapi?"

Alizaliwa hapa hapa. Baba yake alitandika reli.

"Na Kasai ulienda mara ngapi? Mara moja, kuzika nkambo yako, baba ya baba yako. Na ulilalamikia maji siku zote tatu."

Mulenga alikohoa ili asicheke.

Nilichukua jeki na spana chini ya ngazi. Nililegeza nati kwanza, kisha nikaanza kupandisha upande wa nyuma. Mulenga aliweka waya chini, akanisogezea matofali bila kuulizwa. Tulipofika mbele nilimwambia Antoine, "Toka, ao utashuka na nyumba." Alitoka, lakini kila gurudumu nililolitoa alilizungusha hadi ukutani na kulipanga pamoja na nati zake.

Saa tano na robo roloti ilikaa juu ya matofali. Mulenga alipigilia chuma kirefu ardhini, akaunganisha nacho waya kutoka kwenye bati, ili mtoto akishika mlango wakati wa mvua asipigwe na umeme. Akapanda nguzo.

"Ni saa moja tu," Antoine aliniambia kwa sauti ya chini. "Siku ikiwa mubaya, narudisha zote ine kwa saa moja."

Nilimtazama. Kumbe alikuwa bado safarini. Tungekuwa na taa, cherehani na wanafunzi, na yeye angeendelea kupima upepo kila Jumamosi.

Nilikwenda kwenye ua. "Clovis! Leta kisu yako!"

Clovis, jirani yetu, hushona viatu vya mpira wa magari. Alikuja na kisu, akaona magurudumu manne, macho yakamtoka.

"Mama, hii yote?"

"Yote ine. Fanya viatu."

"Hortense!" Antoine haniiti kwa jina langu mbele ya watu; huniita kwa jina la mtoto wetu.

Clovis alimtazama, akanitazama mimi. "Muliisha kupatana?"

Nililaza gurudumu la kwanza chini, nikalikanyaga kwa miguu miwili lisicheze.

"Kata," nilisema.

Akakata.