Mji Alionipa Nyanjige

Mjukuu wangu Nyanjige aliletwa kwangu Nkoma akiwa na ufa kwenye mfupa wa muundi, mwembamba kama unywele. Hakuanguka wala hakupigwa na mtu. Ni mbio tu, kila siku mbio, mpaka mfupa wenyewe ukachoka. Daktari akasema apumzike. Basi akapumzika, na mimi nikachoka naye, maana mtoto wa mbio ukimkalisha ni kama umemfungia ndama ndani ya nyumba.

Siku hiyo tulikuwa barazani tunachambua pamba, nyeupe huku, yenye madoa kule. Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Novatus, anayemfundisha mbio.

"Shikamoo bibi. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba. Muulize mwenyewe, yuko hapa."

"Umepona, mwalimu!" Nyanjige akadakia.

"Sikukuuliza wewe. Bibi, Jumamosi tunachuja timu ya mkoa hapa Bariadi. Daktari alisema aruke kwa mguu ule mmoja. Usipouma, aje. Ukiuma, abaki, la sivyo utavunjika kabisa. Mwangalie, kisha unipigie. Neno lako ndilo nitakalolichukua."

Nilitamani angelichukua neno hilo kwa mtu mwingine.

Nyanjige akasimama uani, akakunja mguu mzima, akaruka kwa ule mbovu. Akaruka tena.

"Umeona, Bibi? Hauumi."

"Mbona umeuma mdomo?"

"Jua."

"Jua la Nkoma siku hizi linauma midomo?"

Akacheka kidogo, akaja kukaa. Kijasho kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba nimeona. Lakini ubishi wa Nyanjige naujua, na mwili wangu siku hiyo haukuwa na nguvu za kubishana.

"Kitendawili," nikasema.

"Bibi, mchana huu?"

"Usiku nitakuwa nimelala. Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nina ng'ombe wangu: nikikaa analala, nikiruka ananipiga pembe."

Mkono wake ukasimama juu ya pamba. Jibu alilijua, nililiona likimpita machoni. Huyu nimemlea kwa vitendawili, hashindwi na cha namna hiyo. Ila kulitaja ilikuwa ni kukiri.

"Sijui," akasema.

"Umeshindwa? Nipe mji."

Nyanjige hana uchoyo wa miji. Ameshanipa Mwanza, Arusha, hata Dodoma na wabunge wake wote. Bariadi tu hajawahi kunipa. Tangu aanze mbio alisema huo ni wake, ndiko uliko uwanja.

Akachambua pamba. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Chukua Bariadi."

Ukipewa mji inabidi ujisifu: umefika, umechinjiwa, umepigiwa ngoma. Nikaanza, "Nilikwenda Bariadi, nikafika..." Nikainama kuokota pamba.

"Ulifika ukafanya nini, Bibi? Malizia."

"Nikakuta uwanja umejaa. Nikakaa pembeni, nikawaangalia wenzangu wanakimbia. Nikarudi zangu Nkoma."

"Huo si ushindi."

"Ndivyo nilivyoukuta mji wako."

Akafuta pua kwa kiganja, nyuzi za pamba zikamganda shavuni. "Jibu ni maumivu," akasema. "Si makubwa, Bibi. Ila yapo."

"Nampigia mwalimu?"

"Nipe simu."

Akapiga mwenyewe. "Mwalimu, bado unauma." Akasikiliza muda, akaitikia ndiyo, ndiyo, akaiweka simu chini taratibu kama kitu kinachomwagika.

"Anasema mwakani. Na nafasi yangu ameshapata wa kumpa."

Akajivuta nyuma, akaunyoosha ule mguu juu ya lundo la pamba nyeupe. Siku nyingine ningemfukuza, pamba ya kuuza hailaliwi. Nikasogea pembeni, nikaendelea kuchambua ile yenye madoa.