Kutu Isiyokua

Siku ya tatu baada ya ajali, Rosette akiwa bado kitandani na paja limefungwa mbao, soko lote la Baraka lilikuwa limeshampa jina. Tani Moja. Walioanza ni wabeba mizigo wa pale penye samaki, wakafuata wauza sukari, na kufikia Jumapili hata watu wanaojiita waumini walikuwa wanaulizana nje ya kanisa: Tani Moja anaendeleaje? Waliuliza kwa huruma, sikatai, lakini kwa jina hilo hilo.

Dada yake, Adolphine, alijua jina lilikotoka. Lilitoka kinywani mwa Nicolas, mwenye pikapu.

Pikapu hiyo zamani ilikuwa nyeupe. Miaka nenda miaka rudi ilitoka Kazimia hadi Baraka, na siku za soko ikapanda mpaka Fizi, imebeba magunia ya samaki wa chumvi, na juu ya magunia imebeba kina mama wenye samaki. Maji ya chumvi yalichuruzika kutoka kwenye magunia, yakapenya kati ya mbao, yakaingia kwenye shasi, uti wa mgongo wa gari, na kulala humo. Nicolas aliipeleka mtoni kila Jumapili, akaiosha kwa sabuni huku akiimba. Aliosha milango, kioo na taa. Ziwa letu ni maji baridi yasiyo na chumvi, halina neno na chuma, lakini pikapu ile ilikuwa inalishwa chumvi kwa ndani kila wiki, na hakuna aliyeinama hata mara moja kuitazama tumboni.

Asubuhi ya ajali, kwenye mlima wa kuelekea Fizi, springi ya nyuma ya kushoto iling'oka pamoja na kipande cha shasi, pikapu ikaangukia upande huo. Rosette alikuwa amekaa kulia. Alirushwa mpaka upande wa pili, magunia manne yakamfuata, mfupa wa paja ukavunjika. Wengine walitoka na michubuko. Na pale kwenye kioo cha mbele palikuwa pamebandikwa cheti cha ukaguzi chenye umri wa siku kumi na moja.

Cheti hicho ndicho Nicolas alichokipunga sokoni mbele ya watu.

"Gari yangu iko en ordre," alisema. "Papier ni hii, siku kumi na moja tu. Sasa gari muzima inavunjika na nini? Munajua vile yule mama iko. Kona yenye alikaa, hata jiwe ingepasuka."

Watu walicheka. Adolphine akapaza sauti kutoka nyuma ya meza yake ya samaki.

"Papa Nicolas, Rosette alikaa kuume. Gari ilivunjika kushoto!"

"Uzito inasukumaka ngambo ingine," alijibu Nicolas bila kupepesa jicho, na watu wakatikisa vichwa kana kwamba wamemsikia profesa.

Hapo hasira zilimpanda Adolphine, na kwa miezi mitatu hazikushuka. Mwanamke amevunjwa mguu, halafu anaambiwa yeye ndiye aliyevunja gari! Hata pole hakuletewa. Kila alipopita sokoni Adolphine alilisikia lile jina, na kila alipolisikia alitamani kumtupia mtu samaki usoni.

Kisha pikapu ikarudi kutoka kwa fundi wa kuchomelea. Nicolas akatangaza kwamba Ijumaa inapita kwenye ukaguzi, na Jumamosi inapanda Fizi, kina mama waandae magunia. Gari jingine la mizigo siku hiyo halikuwepo. Kina mama tisa wangepanda.

Adolphine alikwenda mwenyewe kwa fundi, akajifanya anapita tu. Alipiga magoti, akachungulia. Upande wa kushoto palikuwa na bamba jipya, limechomelewa vizuri. Upande wa kulia palikuwa peusi, rangi mbichi inang'aa. Aligonga kushoto kwa ufunguo wa nyumba yake, chuma kikaitikia. Aligonga kulia, ikatoka sauti butu, sauti ya kitu kisicho chuma. Alisimama akijipangusa magoti. Alijua alichokisikia, lakini angekwenda kumwambia nani? Neno la muuza samaki ni upepo. Neno linalosimamisha gari ni lile lenye muhuri, na muhuri anao Chef Déogratias, mkuu wa ukaguzi wa magari.

Sasa huyu Chef Déogratias hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera zaidi. Alisalimia wakubwa na wadogo. Rushwa hakuigusa. Kama angekula rushwa, angalau watu wangejua wanalalamikia nini. Tatizo lake lilikuwa suruali. Suruali nyeupe, yenye mstari wa pasi ambao ungeweza kukata nyanya. Kwenye ofisi ile hakuna shimo la kushukia chini ya gari, kwa hiyo Chef alilizunguka gari mara moja, akapiga teke matairi, akaamuru honi ilie, taa ziwake, akaulizia kizima moto, kisha akarudi kwenye kiti chake kuandika. Chini ya gari hakuwahi kwenda. Kule ni kwenye vumbi. Roho za watu zilikuwa zinaning'inia kwenye chuma ambacho Chef hakukiona kwa sababu ya sabuni na pasi!

Alhamisi jioni Adolphine aliwakusanya wenzake.

"Kesho kila muntu alete kitenge, ile muzuri," aliwaambia. "Tutaenda kumutandikia Chef."

"Amepata nini?" aliuliza Tania, jirani yake wa meza. "Amepata diplome?"

"Ataipata kesho."

Kwetu mtu akitangazwa kuwa amemaliza chuo, au padri akija kusoma misa yake ya kwanza nyumbani, kina mama hutandika vitenge chini apite juu yake. Ni heshima kubwa, na haikataliwi. Mtu akikwepa kitenge alichotandikiwa, amemtukana aliyekivua kiunoni. Chef Déogratias alikuwa mtu wa heshima. Adolphine aliitegemea heshima hiyo kuliko alivyoutegemea ukaguzi.

Ijumaa, saa tatu za asubuhi, pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya ofisi, imeoshwa, inameta. Nicolas alikuwa amesimama kando yake, mikono kifuani. Chef alitoka mlangoni na kalamu mkononi, na vigelegele vikalipuka. Kina mama tisa walishuka chini kwa pamoja, wakatandika: kitenge cha kwanza kwenye kizingiti, cha pili, cha tatu, njia nzima ya maua na ndege ikielekea kwenye gari. Watu wa barabarani wakasimama. Pikipiki zikazima.

"Ah, bamama!" Chef alicheka, amefurahi kweli. "Mi nimefanya nini?"

"Unatuchungaka, Chef," alisema Adolphine. "Pita."

Akapita. Alitembea polepole juu ya vitenge, akiinua mkono kusalimia, na kina mama wakaimba. Alikanyaga cha sita, cha saba. Alipofika cha nane akagundua kwamba cha tisa hakikugeukia mlango wa dereva. Kilikuwa kimeingizwa chini ya pikapu, kimenyooshwa vizuri, na juu yake kuna bisibisi.

Nyimbo zikakatika. Watu kama hamsini walikuwa wanatazama.

"Hii sasa ni nini?" aliuliza Chef kwa sauti ndogo.

"Ni kitenge yangu ya Noeli, Chef. Nimekutandikia usichafuke. Lala, uangalie."

"Mama Adolphine, mi siko fundi."

"We ni Chef. Siku ya Jumamosi batu tisa banapanda juu ya hii chuma. Mi nimeigonga, haiko na sauti ya chuma. Lakini mi niko muuza samaki. Angalia na macho yako."

Nicolas alianza kupiga kelele kwamba huu ni mchezo, kwamba gari limetengenezwa, bamba jipya kila mtu analiona. Chef hakumtazama. Alitazama kitenge, akatazama watu, akatazama suruali yake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliionea aibu. Alivua viatu. Akalala chali, akajisukuma chini ya pikapu mpaka ikabaki miguu tu, soksi mbili za kijivu.

"Kushoto ni muzuri," alisema kutoka chini. "Bamba ni ya mupya."

"Na kuume?"

Wakasikia bisibisi ikigonga, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu haikugonga. Iliingia.

Chef alikohoa. Vipande vya kutu vilimwagika juu ya kitenge, vikubwa kama makoko ya ugali uliokauka, na baada yake ikatoka mastiki, na baada ya mastiki mkono wa Chef ukatokeza pembeni ya gurudumu, umeshika kitu kirefu, kilicholowa, kimepakwa rangi nyeusi upande mmoja. Kilikuwa kipande cha chandarua. Walikuwa wamelijaza shimo kwa chandarua, wakaziba kwa mastiki, wakapaka rangi. Harufu ya samaki wa zamani ikawafikia wote.

"Nani alitia hii?" aliuliza Chef kwa sauti kubwa, akijivuta nje. Nywele zake zilikuwa nyekundu kwa kutu.

"Fundi," alisema Nicolas. "Ni fundi. Mi sijue."

"Fundi alitumika kazi upande wa kushoto!" Adolphine alimfuata mpaka usoni. "Kama hukujua tundu iko kuume, nani alimuambia apake rangi kuume? Ulijua! Ulijua chuma imekwisha, ukasimama mu soko ukasema ni makalio ya mudogo wangu!"

Hakuna aliyecheka safari hii.

Adolphine hakuridhika. Alimwomba Chef alete daftari la ukaguzi, na Chef, akiwa na soksi tu, akalileta. Lilikuwa daftari kubwa lenye jalada la kijani. Alifunua ukurasa wa pikapu ile, na Adolphine, ambaye alisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari kabla ya vita kumtoa shuleni, akasoma juu ya bega lake. Mwaka wa kwanza: kutu kidogo, shasi nzuri. Mwaka wa pili: kutu kidogo, shasi nzuri. Wa tatu, hivyo hivyo. Wa nne, siku kumi na moja kabla ya ajali, maneno yale yale, mwandiko ule ule, mpaka kilomita za gari zilikuwa zile zile, kana kwamba pikapu haikutoka nyumbani kwa miaka minne.

"Chef," alisema, "hii kutu ni ya namna gani? Hata mutoto, miaka ine anakomaa. Hii kutu yako haikomale?"

Chef alifunga daftari, akalifungua tena.

"Nilikuwa nakopia ya mwaka yenye ilipita," alisema. "Gari ilikuwa inatembea. Nikasema, kama inatembea…"

"Rosette hatembee."

Chef alikaa kwenye ngazi ya ofisi, suruali ikiwa na mchanga wote wa Baraka, akaandika: shasi imeliwa na kutu pande zote mbili, kutu ya miaka mingi, gari lisitembee. Akagonga muhuri. Nicolas alichukua funguo zake akaondoka kwa miguu, na hakuna aliyemuaga.

"Ongeza moja," alisema Adolphine. "Andika si uzito ya muntu."

"Papier haina nafasi ya ile, mama."

"Iko pale chini. Pale banaandika observations. Na ile ya miaka ine pia, uandike, ni we ulikopia."

Chef aliandika. Mkono wake ulikwenda polepole, lakini aliandika yote mawili, akatia sahihi na jina lake kamili. Nakala moja alimpa Adolphine.

Alikwenda nayo mbio hadi kwa Rosette, kitenge chake chenye kutu kimekunjwa kwapani. Alimkuta ameketi uani juu ya kiti cha plastiki, mkongojo umelala pembeni, anachambua majani ya muhogo. Adolphine alimsomea yote, kisha akamsomea tena mstari wa chini.

Rosette aliichukua ile karatasi akaisoma mwenyewe. Akaikunja.

"Kumbe si mi," alisema.

"Si we! Toka siku ile nasema si we."

"Ulikuwa unasema, yaya," alisema, kama anavyomwita dada yake mkubwa. "Lakini bote balikuwa banasema ingine." Alishika ukingo wa kitenge chake kiunoni, akauvuta, na Adolphine akaona kwamba kilikuwa kimemzunguka mara mbili na bado kinalegea. "Mi nilisema nikikonda batasahau ile jina. Nilikuwa nakula ya asubuhi tu, kidogo. Ya mangaribi nilikuwa napatia kuku."

Miezi mitatu. Adolphine alikuwa ameuona mwili unavyopungua, akadhani ni maumivu. Na zaidi ya kudhani, alikuwa amesifu. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, wiki mbili zilizopita, alimwambia mdogo wake kwamba amekonda vizuri, mguu hautachoka. Hasira aliyokuwa akiipeleka kwa Nicolas na kwa Chef iligeuka, ikamjia yeye, na hakuwa na mtu wa kumtandikia kitenge.

Aliwasha moto, akasonga ugali mkubwa, akachemsha mikebuka miwili, samaki wabichi wa ziwani wasio wa chumvi, akaweka pilipili kama Rosette anavyopenda. Akamwekea sahani magotini, akakaa mbele yake kumtazama.

Rosette alikula matonge matatu, akaisogeza sahani.

"Nimeshiba, yaya," alisema, na haukuwa uongo.