Picha ya Baba Mkwe

Kikohozi kilisikika kwenye kona ya njia, na hapohapo Atupakisye akajitosa kwenye chai. Hakuaga. Aliinama katikati ya mistari miwili ya michai, akageuza mgongo, akajifunika kanga kichwa kizima, na kamera akaikumbatia tumboni isilowe umande. Ulla, mgeni wake, alidhani mbweha waliyekuwa wakimvizia kwa kamera ametokea. Naye, mwanamke wa Kiswidi mwenye nywele nyeupe na wajukuu kwao, akajitupa chini palepale njiani na kulala kifudifudi kwenye tope.

Aliyetokea alikuwa mzee Ambindwile, na mzigo wa majani ya ng'ombe begani. Alimkuta mgeni amelala, akamsalimu kwa adabu zote kama mtu anayekuta wazungu topeni kila siku, akapita zake. Mbele kidogo akakohoa tena, kuonyesha kwamba njia sasa iko wazi.

"Mbweha yuko wapi?" Ulla alinong'ona.

"Hakuna mbweha, mama," Atupakisye akajibu kutoka ndani ya kanga. "Ni baba mkwe."

Ulla aliwahi kuwa muuguzi nchini miaka ya nyuma na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima, lakini jambo hili hakuwahi kuelezwa. Atupakisye alimweleza wakiwa wanajipangusa matope. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hamtazami baba mkwe wake wala hatazamwi naye. Halitaji jina lake. Wakikutana njiani yeye hupisha, hujificha, na baba mkwe mwenye busara hukohoa mapema ili kumpa nafasi. Wakristo wengi pale kijijini Kawetele walikuwa wameshalegeza, na vijana wa mjini walicheka kabisa. Wacheke tu. Heshima si utumwa, na mzee Ambindwile alikuwa amemkoholea mkamwana wake tangu siku ya harusi bila kusahau hata mara moja. Kuna wanawake wengi ambao waume zao hawajawahi kuwajali hivyo.

"Basi ndiyo maana unajua kujificha kuliko sisi," alisema Ulla, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Ulla na mumewe Bengt walikuwa wakisafiri kuelekea Malawi kwa gari lenye nyumba mgongoni: kitanda, jiko, hata pazia la maua dirishani. Miaka ile ya soko huria kila kitu kilikuwa kinapita Tukuyu, mitumba, redio, filamu za rangi zinazouzwa dukani kama sabuni, kwa hiyo gari lenye jiko halikushangaza watu zaidi ya asubuhi moja. Walisimama kulala usiku mmoja tu. Alfajiri Bengt akaona mbweha akipita pembeni ya shamba na watoto wake nyuma, na safari ya Malawi ikaisha papo hapo. Waliulizia mjini ni nani anajua mambo ya kamera, wakaelekezwa mtaa wa Bulyaga, kwenye chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Hapo ndipo Atupakisye alipopigia watu picha.

Wakajenga kibanda cha kujificha ukingoni mwa chai, kinachotazama jiwe bapa karibu na shimo la mbweha. Kilikuwa cha fito na majani ya migomba, na tundu moja la lenzi. Bengt alikuwa mrefu mno, magoti hayakuingia, kwa hiyo aliachiwa kazi ya kukaanga mayai garini. Wanawake ndio walioingia kibandani kila alfajiri, wakikaa bega kwa bega, wakinywa chai ya chupa na kunong'onezana habari za waume zao.

Siku moja ndani ya kibanda hicho Ulla alimwuliza kama amewahi kumpiga picha mzee. Swali lilikuwa limemgusa palepale panapouma.

Hakuwahi, na angewezaje? Amepiga maharusi, watoto wa kipaimara, timu ya mpira ya kiwanda cha chai ikiwa na kipa amevaa glavu za jikoni. Baba mkwe wake hakuwa na picha hata moja. Wenzake wa rika moja wote walikuwa nazo ukutani. Rafiki yake Ambwene alipofariki, picha yake iliwekwa juu ya jeneza, watu wakaitazama na kumkumbuka vizuri, na mzee Ambindwile alirudi kutoka mazikoni akawa kimya siku nzima. Mwanawe Lutufyo, mume wa Atupakisye, alitaka kumpeleka kwa mpiga picha mwingine. Mzee alikataa. Jibu lake Atupakisye aliletewa na mama mkwe, na alilijua kwa moyo: "Nyumbani kwangu kuna mpiga picha. Nikapigwe na mwingine, watu waseme mkamwana wangu hajui kazi?"

Maneno hayo yalimfurahisha na kumliza kwa pamoja. Mganga hajigangi, husemwa, lakini Atupakisye alishindwa kumganga mtu ambaye, kwa kulinda jina la mkamwana wake, alikuwa tayari kufa bila picha.

Ulla aliyasikiliza yote. Jioni, walipokuwa wakikunja vitu, alimwambia kwamba asubuhi ya kesho ndiyo ya mwisho, na kwamba lenzi ndefu itakuwa yake. "Weka filamu yako ndani ya kamera yangu," alisema. "Mimi nimeshapata mbweha wa kunitosha. Kesho piga wewe."

Atupakisye alikimbia nyumbani kama msichana. Alimsimulia mama mkwe wake, Tupokigwe, jikoni, akionyesha kwa mikono urefu wa lenzi, na namna atakavyoilenga kwenye lile jiwe tangu gizani, kwa sababu mama mbweha hupenda kusimama hapo jua likichomoza. Tupokigwe alisikiliza huku akimenya ndizi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," ndiyo yote aliyosema.

Asubuhi ilikuja bila ukungu, jambo la bahati kwa Rungwe. Atupakisye aliisimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akalilenga jiwe, akakaza kila kitu. Mama mbweha alitoka akinusa upepo. Watoto walimfuata wakiumana masikio na kubiringishana, mmoja akiburuta kipande cha kandambili alichokiiba sijui kwa nani. Atupakisye alibonyeza, akavuta filamu, akabonyeza tena. Furaha ilimjaa.

Kisha kiatu kikaingia upande wa kushoto wa picha.

Alikitambua kabla hajaona zaidi. Aliachia kamera, akaanguka sakafuni, kanga usoni. Hakukuwa na kikohozi! Miaka yote hiyo mzee hajawahi kusahau, na leo amesahau, akiwa mbele ya lenzi inayoweza kuhesabu kope za mtu.

"Kuna nini?" Ulla akanong'ona, akachungulia upenyoni. "Ah. Ni yeye."

"Anapita?"

"Hapiti. Anakaa. Anakaa juu ya jiwe."

"Mbweha wamekimbia?"

"Wamesogea tu. Wanamjua huyu." Halafu sauti yake ikabadilika. "Atupakisye. Amevaa koti la suti. Na tai. Na kofia ya Jumapili. Chini amevaa gambuti."

Hakuna mzee wa Kawetele anayekwenda kukata majani ya ng'ombe na tai shingoni. Atupakisye alikumbuka ndizi zilizokuwa zikimenywa taratibu jana jikoni, na akaelewa: mama mkwe alikuwa amempasha mzee habari. Mzee hakusahau kukohoa. Alikuwa amekuja kupigwa picha na mkamwana wake, na alinyamaza ili asimfukuze.

Ulla alinyoosha mkono kuelekea kamera. "Nimpigie?"

"Hapana, mama. Ni yangu."

Akainuka kwa magoti, macho ameyafumba, kanga bado imefunika uso. Mkono wake ulipapasa stendi, ukapanda, ukaikuta kamera ikiwa ya baridi, ukakuta kitufe. Jiwe lilikuwa palepale alipolilenga gizani. Alichohitaji ni wakati, na wakati ulikuwa machoni mwa Ulla.

"Anatazama chini," Ulla alisema. "Subiri. Mama mbweha anarudi. Anakuja karibu. Mzee ameinua kichwa."

Atupakisye alibonyeza.

Sauti ndogo ya kamera ilitoka nje ya kibanda. Kisha mzee akasimama, akajipangusa koti, akakohoa, kikohozi kirefu cha mtu aliyeridhika, akaondoka. Ndani ya kibanda Atupakisye alilia na kucheka ndani ya kanga, na Ulla akamshika tu mkono.

Gari la wageni liliondoka na pazia lake la maua. Filamu ilipelekwa Mbeya kusafishwa, kwa mkono wa Zuber, mwenye duka jirani na studio, aliyekwenda huko kununua bidhaa. Atupakisye alimwomba jambo moja: picha ya mzee isafishwe nakala mbili, azitie kwenye bahasha ya peke yake, na aifunge. Zuber alirudi anatabasamu mpaka magego yanaonekana, akamkabidhi mbweha kwa mkono mmoja na bahasha kwa mkono mwingine, na hakusema neno, ingawa ni wazi neno lilimwasha.

Bahasha ilikwenda kwa Tupokigwe ikiwa imefungwa. Usiku huo, kutoka nyumba kubwa, Atupakisye alimsikia baba mkwe wake akicheka. Hakuwa amewahi kukisikia kicheko hicho kwa karibu.

Kesho yake Tupokigwe alimletea nakala moja studio.

"Ndaga, asante, mwanangu. Amefurahi fijo, sana kabisa. Ile nyingine ameshaitundika. Hii amesema ni yako, fundi hawezi kunyimwa kazi yake."

Atupakisye alirudi nyuma. "Mama, siwezi."

"Itazame. Amekata mwenyewe, kwa mkasi wangu."

Juu ya picha, upande wa kushoto, kulikuwa na kipande cha jani bichi la mgomba, kimekatwa vizuri kufuata umbo la mtu aliyekaa, kimebanwa kwa pini juu. Kulia alisimama mama mbweha, sikio moja limeinuliwa, akilitazama jani hilo bila woga.

Aliitundika karibu na dirisha, katikati ya maharusi na timu ya kiwanda. Wateja waliuliza kuna nini chini ya jani, naye akawaambia wainue videvu na wasipepese macho. Jua la mchana liliingia na kutoka. Jani likaanza kukauka, likageuka hudhurungi, na kona yake ya chini ikajikunja taratibu, mpaka asubuhi moja, alipokuwa akifagia, ncha ya gambuti jeusi ikawa imechungulia nje.

Atupakisye alisimama na ufagio wake. Kisha akaendelea kufagia, na ile kona hakuirudisha.