Kanga ya Bi Mwanapili kwenye Waya

Watu wa Mgogoni walikwisha mzoea Akberali Walji, muuza nguo wa Chake. Kila Jumapili alipanda kilimani na redio yake, iliyokuwa na ruhusa ya serikali, na rafiki yake Mmanga akambebea betri ya gari. Wakavuta waya mrefu mpaka kwenye mkwaju wa mzimu, ambako watu hufunga vitambaa vya nadhiri, kisha Akberali akazungumza, kwa kugongagonga kitufe, na binamu yake Tayabali wa Tanga, aliyekuwa na mtambo kama huo nyumbani, jirani kabisa na bandari.

"Wanasengenyana juu ya bahari hawa," Mmanga alikuwa akisema, na watu wakacheka, maana nao walipanda kwa wingi na kashata zao kutazama.

Jumapili hii kashata hazikuliwa. Kutoka kileleni bahari yote ya kuelekea bara ilionekana, na upande wa kusini ukuta mweusi wa mvua na upepo ulikuwa unakuja. Zohrabai, mkewe Akberali, alikuwa Tanga, na baada ya adhuhuri angepanda motaboti kurudi kisiwani, bandari ya Wesha. Tanga jua lingali likiwaka, nahodha angejuaje?

Akberali aligonga. Akasikiliza. Kimya. Hata ile mikwaruzo ya kila siku haikuwapo.

"Betri?" aliuliza Mmanga.

"Betri nzima. Tazama waya!"

Kwenye waya ilining'inia kanga nzima, inachuruzika marashi. Uzito wake umeuvuta waya mpaka ukalala juu ya vichaka vilivyolowa kwa mvua ya asubuhi, na sauti ikapotelea ardhini.

"Nani kaiweka hii?"

"Mie," alisema Bi Mwanapili kutoka kati ya wanawake. "Matawi yamejaa vitambaa. Na huo waya wako si wafika mbali? Nikasema nadhiri yangu itafika upesi."

Akberali alinyoosha mkono. Mmanga akamdaka.

"Usiiguse, yakhe! Haifunguliwi ila na aliyeifunga."

Wanawake walikwisha simama mbele ya waya, bega kwa bega. Wote waliijua nadhiri yenyewe. Khairiya, mtoto wa pekee wa Bi Mwanapili, mimba tatu zilimtoka, na sasa ya nne ilikuwa na miezi saba. Kuifungua kanga kabla hajajifungua ni kuivunja nadhiri.

Chini, adhana ya adhuhuri ikaanza.

"Bi Mwanapili, mke wangu atazama."

"Na mwanangu je?"

"Mwache Akberali akaoe mwengine," alisema Mwatum, jirani ya Bi Mwanapili, na wawili watatu wakacheka.

"Funga domo, Mwatum!" Bi Mwanapili alimgeukia Akberali. "Nkeo ajua kuogelea?"

"Hajui."

Upepo ulifika, mkwaju ukatikisika. Bi Mwanapili akalishika fundo. Lilikuwa limekaza kwa maji ya marashi, ikabidi alifungue kwa meno. Midomo yake ilikuwa ikisema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Waya ukaruka juu.

Akberali akagonga: dhoruba, zuia boti. Akagonga tena, na tena. Jibu likaja: ngoja. Tayabali alikuwa anakimbilia bandarini.

Matone ya kwanza yakaanguka. Mmanga akavua koti, akaifunika redio. Hakuna aliyeteremka kwenda kujikinga.

Hatimaye redio ikalia, Akberali akaanza kutafsiri. "Walikwisha fungua kamba... Wameitwa, wamerudi. Zohrabai yuko nyumbani kwa Tayabali. Ana hasira, mizigo yake imerowa maji ya bahari."

Watu wakapiga vigelegele. Bi Mwanapili alikuwa amekaa chini ya mkwaju, kanga mapajani. Akberali akamwendea, akachutama mbele yake.

"Bi Mwanapili, nikufanyie nini?"

"Nadhiri nimeivunja kwa ajili ya nkeo. Akivuka salama, aje kwangu na godoro lake. Akae na Khairiya mpaka ajifungue. Mwanangu asinyanyue hata kata ya maji."

"Atakuja."

"Sikukuuliza wewe. Gonga. Nataka jibu lake mwenyewe."

Akberali akarudi mvuani kwenye redio, akagonga. Bi Mwanapili akamfuata, akasimama juu ya kichwa chake. Wakangoja, mvua ikiwanyea, kisha redio ikalia kidogo tu.

"Anasema ndiyo."

"Mbona fupi hivyo? Muulize tena," alisema Bi Mwanapili.