Sentensi Iliyofutwa

Ijumaa saa nne asubuhi Wietske alishuka ngazi za jengo lao pale Deventer, Uholanzi, akamkuta mzee Folkert amesimama mlangoni. Suti nyeusi, viatu vinang'aa, fimbo nyeupe mkononi.

"Ni wewe, jirani? Nimezijua hatua zako. Unanipa lifti? Nikichelewa kumzika Harm, atanicheka hukohuko aliko."

Harm alikuwa amezikwa Jumatano. Yeye mwenyewe alikuwepo, akanywa kahawa na kula kipande cha keki kama waombolezaji wengine, akakiona kiti kitupu pembeni ya mjane. Alidhani uchungu umemzidi Folkert, ndiyo maana hakuja. Kwa miaka ishirini na miwili wazee hao wawili waliendesha baiskeli moja ya viti viwili, Harm mbele akiangalia njia, Folkert nyuma akikanyaga kwa nguvu zote.

"Mzee wangu," alisema, "mazishi yalikuwa juzi."

"Acha utani, binti."

"Sitanii."

Folkert alitoa simu akaigusa mara mbili tatu, tangazo la mazishi likafunguka. Ile sauti inayowasomea wasioona ikatoka, kavu, bila kupanda wala kushuka: "Ibada ya kumuaga Harm itafanyika Ijumaa saa tano asubuhi. Ibada ya kumuaga Harm itafanyika Jumatano saa tano asubuhi."

"Hiyo ya pili sikuifikia," mzee alisema polepole. "Niliposikia ya kwanza nilizima. Nilikuwa nalia."

Wietske alitazama simu. Sentensi ya kwanza ilikuwa imepigwa mstari katikati. Mwenye macho angejua papo hapo kwamba imefutwa. Sauti ilikuwa imeisoma kana kwamba bado ni kweli.

"Wazembe kweli hao watu wa mazishi," alisema, na hapohapo uso ukamwaka kwa aibu, maana alijua uzembe ulianzia wapi.

Wietske alikuwa mhariri katika kamati inayoandika kanuni za kurasa za mtandaoni, ili kila mtu aweze kuzisoma. Miaka mitatu nyuma walikuwa wakiyapa majina maneno yaliyo ndani ya sentensi: haya yamesisitizwa, haya yameongezwa, haya yamefutwa. Ukurasa ukibeba majina hayo, sauti ingejua la kutamka. Folkert ndiye aliyekuwa akimjaribia rasimu, na alimsihi: "Hilo la kufutwa usiliache." Lakini siku ya kikao watu walibishania neno moja tangu asubuhi, na Wietske alitaka rasimu itoke kabla hajaenda likizo. "Tuliweke kando," alisema. "Nani amewahi kuumizwa na mstari?" Wakacheka, likaondolewa. Kwa Folkert alipeleka habari nyingine: kamati imekataa.

Sasa alimpakia garini, wakaenda kwa Geesje, mjane wa Harm. Njiani mara mbili alifungua kinywa, na mara mbili akaishia kuuliza kama dirisha lifungwe.

Geesje aliwapokea mlangoni, macho yamevimba. "Leo ndiyo umenikumbuka, Folkert? Nilikuwekea kiti."

"Nilikosea siku, Geesje. Uzee huu. Nisamehe."

Kumsikia akiomba msamaha kwa kosa lisilo lake, Wietske hakuweza tena kuvumilia.

"Hakukosea," alisema. "Kosa ni langu." Akawaeleza yote, kikao, likizo, hata kile kicheko.

Folkert aligeuza uso upande sauti ilikotoka. "Uliniambia kamati ilikataa."

"Nilikudanganya."

"Nilikuuliza mara mbili, Wietske. Mara mbili!"

"Ndiyo."

Mzee alipapasa ukuta, akapata kiti, akaketi. "Geesje, baadaye niitie teksi. Na huyu sirudi."

"Utanywa kahawa kwanza," Geesje alisema, akimshika bega. Kisha, bila ukali, akamwambia Wietske, "Wewe nenda nyumbani, mwanangu."

Jumatatu yake aliiandikia kamati. Hakuficha kitu, hata ile kauli yake aliinukuu neno kwa neno. Mmoja alijibu kwamba mazishi ya mtu mmoja si ushahidi. Mwingine alimuuliza kwa kejeli kama sasa wataandika kanuni kwa machozi. Wietske alikusanya visa vingine kumi na vinne kutoka kwa wasioona, bei zilizobadilishwa, miadi ya daktari iliyohamishwa, akavipeleka kikao baada ya kikao. Ilichukua miezi saba jina la maneno yaliyofutwa kurudi kwenye rasimu.

Alimtumia Folkert nakala. Wiki tatu zikapita kimya. Wakikutana kwenye ngazi, mzee aliitikia salamu kwa kichwa tu na kupita.

Kisha Jumamosi moja mchana mlango wa Wietske ukagongwa.

"Nimeisikiliza rasimu yako," Folkert alisema, bila salamu. "Inataja maneno yaliyofutwa yanapoanza. Yanapoishia haisemi. Mtu atajuaje?"

"Sikuliona hilo. Nitarekebisha."

"Lini?"

"Leo."

"Leo, basi."

"Mzee Folkert, nilitaka kukuambia kwamba..."

"Rekebisha kwanza," mzee alisema, akageuka na kuanza kupanda, mkono mmoja kwenye ukingo wa ngazi. Wietske alisubiri mpaka akasikia mlango wa juu umefungwa, ndipo akarudi mezani, akaufungua ukurasa na kuanza kazi.