Ule Mto Ulijazwa na Nani

Mimi Mektilda sina mdomo mdogo, na hapa Shishiyu kila mtu analijua hilo. Kwa hiyo Katekista Masele aliponiambia mjukuu wangu hatazikwa kwenye makaburi ya kanisa, sijui alitegemea nini. Labda alidhani nitasema asante.

Mtoto alifariki asubuhi kwa homa, mikononi mwa mama yake, Elina, mke wa mwanangu Dastan. Tulimwita Selestini, jina la marehemu mume wangu. Ubatizo wake ulishapangwa. Nguo nyeupe nilishashona, jogoo nilishamfunga mguu. Siku ya ubatizo padri akatoka parokiani na pikipiki yake, akafika mtoni akakuta maji yamejaa, yanabeba magogo, akarudi. Tukaambiwa tusubiri zamu nyingine ya kigango chetu. Sisi tukasubiri. Homa haikusubiri, ilimchukua kabla hatujamkimbilia katekista ambatize kwa dharura.

Masele alikuja msibani, akavua kofia, akatoa pole. Kisha akakohoa kidogo. Mtu akikohoa hivyo kwenye msiba, ujue ana jambo.

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa lugha yetu, "huyu hajabatizwa. Mzikeni hapa hapa nyumbani, kama wazee walivyofanya. Msilie sana. Na kengele haitapigwa."

Mila anayoisema ipo. Wazee wetu hapa, mtoto ambaye hajaota meno, kama huyu wetu, walimzika nyuma ya nyumba, na waliomzika ni wanawake peke yao. Wanaume hawakushika jembe. Matanga hakuna.

Elina akainua kichwa. "Katekista, sasa mwanangu yuko wapi?"

Masele akatazama miguu yake. "Hateseki, mama. Yuko mahali pake. Ila mbinguni haingii mtu bila maji."

Jamani! Binti wa watu maziwa bado yanamlowesha gauni, halafu unamwambia hivyo? Damu ilinipanda kichwani.

"Maji?" nikamwambia. "Maji yalikuwa mengi mno, Masele! Padri mzima kashindwa kuvuka. Sasa niambie, ule mto ulijazwa na nani? Na mimi? Na Elina? Mungu alete mvua mwenyewe, amzuie padri mwenyewe, halafu amfungie mtoto mlango eti padri hakufika? Mungu gani huyo? Mimi simjui, na wala hukunifundisha huyo kwenye mafundisho."

"Mayu, usikufuru."

"Sikufuru. Nakuuliza."

Masele akawageukia wanaume, akawakataza kuchimba kaburi kanisani. Wote wakainamisha vichwa, hata Dastan wangu, macho mekundu, amekaa tu. Hapo nikacheka, kicheko cha hasira.

"Umesema tufuate mila? Haya. Mila inasema mtoto huyu anazikwa na wanawake. Wanaume hawana neno kwenye kaburi lake, na wewe ni mwanamume. Akina mama, chukueni majembe!"

Tukatoka. Elina mbele, amembeba mwanawe ndani ya ile nguo nyeupe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hakuna aliyethubutu kumwambia atembee polepole. Masele akatufuata nyuma akipiga kelele mpaka makaburini. Nikasimama pembeni ya kaburi la mume wangu, nikaonyesha kwa kidole: hapa.

"Nampigia padri!" akasema Masele.

"Mpigie! Na weka sauti kubwa, tusikie wote."

Simu ikawa inatafuta mtandao. Wakati huo akafika Monika, mke wake Masele, na jembe begani. Monika ni mtu wa kimya. Kwenye jumuiya yetu husikii sauti yake mpaka wimbo uanze. Hakusalimia mtu. Akaanza kuchimba.

"Monika, rudi nyumbani," mume wake akasema.

"Nyumbani wapi? Nyuma ya jiko, pale nilipomzika wangu?"

Loo! Hata mimi, mwenye mdomo huu, nilikuwa sijui. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Simu ikapokelewa. Masele akaeleza yote, na padri akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzikeni hapo hapo," padri akasema. "Wazazi walitaka abatizwe, na ruhusa ya askofu tunayo. Sala zake zipo kwenye kitabu, Masele, ziongoze. Kanisa linamkabidhi mtoto huyu kwenye huruma ya Mungu. Yesu alisema waacheni watoto waje kwangu. Tunatumaini ameokoka."

Elina akasogea kwenye simu. "Padri, unajua au unatumaini?"

"Natumaini, mwanangu. Sitakudanganya. Lakini natumaini sana."

"Basi tumaini hilo tutalishika kwa mikono miwili," nikasema, "na Mungu akiwa na neno, aje aniambie mimi."

Monika akaegemea jembe lake. "Padri, na wangu? Alifariki zamani. Hatukumsomea hata sala moja."

"Na yeye, mama. Sala haichelewi."

Masele akakata simu. Nilidhani atafungua kitabu. Hakufungua. Akaenda kwenye mti inaponing'inia ringi ya gari, ndiyo kengele yetu, akaokota chuma akapiga. Wanaume kule nyumbani wakasikia. Nikamwona Dastan anakuja mbio, analia kwa sauti mbele ya watu, mila au si mila.

Kisha Masele akarudi kwa mkewe, chuma bado mkononi, mashavu yamelowa.

"Yule wetu," akamuuliza, "tumwite nani?"

Monika akamtazama usoni.

"Kabula. Nimemwita Kabula miaka yote hii. Wewe ndiye hukuniuliza."

Masele akarudi kwenye ringi, akaanza kupiga upya.